Tamaa ya fedha na uadilifu wa mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara mkoani Tabora

Maswali haya yametoka kwa makarani, wahazini wa vikoba, wakulima, wafanyabiashara wa sokoni na wazazi wa Tabora mjini, Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Ninayejibu nimeshika vitabu vya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na hadi leo nafundisha wahazini wapya. Waliovurugwa na fedha mbele ya macho yangu hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wema, wacha Mungu, walioaminiwa na majirani zao. Ndiyo maana jambo hili linaniuma, na ndiyo maana baadhi ya majibu ni marefu.

Mimi ni mkulima, nina watoto watano. Je, kutaka fedha nyingi ni vibaya?

Hapana. Anayeamka saa kumi alfajiri kukagua moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, kwa sababu anataka karo ya mwanawe hana tamaa, ana majukumu. Anayetaka ekari mbili ziwe nne, au bati badala ya nyasi, naye hana kosa.

Mimi hupima hivi. Fedha inayoingia mfukoni kwako imetoka kwa nani? Je, anajua kwamba imetoka? Na kama anajua, alikuwa na nafasi ya kukataa? Karani anayepunguza kilo mbili kwenye mizani amechukua kwa mtu asiyejua. Ofisa anayekalia faili mpaka apewe chochote amechukua kwa mtu anayejua lakini hana pa kukimbilia. Fedha ya namna hizo mbili, iwe laki moja au elfu moja, ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Shikamoo mzee. Mimi ni karani wa mizani. Siku ya soko mkulima alinipa elfu kumi baada ya kupima, akasema ni ya soda. Sikumwomba, na kilo zake nilipima sawasawa. Nimekosa nini?

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kilo zake ulizipima sawa, nakubali. Lakini waliokuwa kwenye foleni nyuma yake wameona. Wa tatu na wa nne wataanza kujiuliza kama wao wasipotoa mizani itasoma vilevile. Soko lijalo watakuja na elfu kumi zao mkononi kwa hofu, na wewe utakuwa umeanzisha ushuru ambao hakuna mkutano mkuu uliowahi kuupitisha. Tena yule mzee akirudi mwakani na robota, yaani mzigo wa tumbaku uliofungwa, lenye unyevu uliozidi, atakutazama usoni kama mtu unayemdai fadhila. Hapo kusema hapana kutakuwa kuzito mara kumi kuliko leo.

Nchi hii imewahi kubishana juu ya jambo hilihili. Sheria ya uchaguzi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2000 iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa kawaida. Wanaharakati wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaona kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Ukarimu unaoelekezwa kwa mtu mwenye uamuzi mkononi, wakati uamuzi uko mkononi, unaacha kuwa ukarimu.

Kwa upande wa sheria, ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji na mpokeaji wote kuwa wakosaji. Adhabu iliyowekwa kwa rushwa ya kawaida ni faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi 1,000,000, au kifungo cha kati ya miaka 3 na 5, au vyote viwili. Kwa hiyo ukipokea ile elfu kumi unamwingiza hatarini na mzee mwenyewe, ambaye pengine alidhani anafanya adabu.

Namna ya kukataa ina heshima yake. Usimrudishie kwa kelele mbele za watu, utamwaibisha. Mwambie, "Baba, nashukuru sana, lakini hapa kazini siruhusiwi. Soda nitakuja kuinywa nyumbani kwako msimu ukiisha." Wazee wetu wanaielewa lugha hiyo. Na kama siku ya Idi au Krismasi anakuletea kuku kama anavyomletea jirani mwingine yeyote, jiulize swali moja tu: angeniletea kama nisingekuwa mshika mizani? Jibu unalo moyoni.

Kwa nini watu tuliowaamini kwa miaka mingi huanguka ghafla?

Hawaanguki ghafla. Ila sisi huwa tunaona siku ya mwisho tu.

Mwaka 1996 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa taarifa yake juu ya kero ya rushwa. Ilitofautisha makundi mawili: wanaochukua kidogo kwa sababu kipato hakitoshi, na wakubwa wanaochukua kwa uroho wa kujilimbikizia mali. Nimekuwa nikiufikiria mgawanyo huo kwa muda mrefu. Kwa niliyoyaona vijijini, mtu yuleyule anaweza kuanzia kundi la kwanza akaishia la pili. Anachukua mara ya kwanza kwa shida, mara ya tano kwa mazoea, na mara ya kumi kwa sababu anajenga nyumba ya pili.

Mlango wa kwanza ni deni. Mhazini anakopa kausha damu, mkopo wa riba kali, wa laki tatu kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, na marejesho ni kila wiki. Wiki ya tatu hana. Usiku anakumbuka kwamba kwenye droo kuna fedha za chama ambazo hazitaulizwa mpaka mwisho wa mwezi. Hajiambii kwamba anaiba, anajiambia anaazima. Karibu wote niliowahi kuwasikiliza walianza kwa kuazima, na wengine kweli walirudisha mara ya kwanza. Kurudisha huko ndiko kulikowamaliza, kwa sababu waligundua kwamba inawezekana na hakuna aliyejua.

Vijana wengi siku hizi mlango wao ni mkeka wa kubeti. Mtu anabeti kwa fedha yake, ikiisha anabeti kwa fedha ya makusanyo ili airudishe ile ya kwanza. Sijawahi kuona hesabu ya namna hiyo ikikaa sawa.

Mlango mwingine ni kutazamwa. Msimu wa malipo ya tumbaku ukifika, mji unajaa pikipiki mpya na muziki. Karani mwenye mshahara mdogo anashika mamilioni ya wengine mchana kutwa, jioni mkewe anamwuliza kwa nini wao tu ndio hawana televisheni. Ndugu nao wanasema, "Wewe uko kwenye fedha, unashindwaje kuchangia?" Nawaomba sana ndugu na wake na waume waache maneno hayo. Yanamtuma mtu akaibe bila kumtaja mwizi.

Ndiyo maana kwa mhazini mpya siulizi kwanza kama ni mwaminifu. Namuuliza anadaiwa na nani.

Kikoba chetu kina sanduku lenye kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Mhazini wetu ni mama wa kanisa, anaona tunamdharau. Tumwachie funguo zote?

Msimwachie. Na mwelezeni kwa upole kwamba kufuli zile zinamlinda yeye kabla ya kulinda fedha.

Siku shilingi elfu ishirini zitakapopungua, na iko siku zitapungua hata kwa kukosea kuhesabu, mwenye funguo zote ataulizwa peke yake na hatakuwa na shahidi. Mwenye ufunguo mmoja yuko salama. Vilevile, usiku ule mtoto anapoumwa na hela ya zahanati haipo, asiyeweza kulifungua sanduku hana cha kupigana nacho rohoni. Anakwenda kuomba kwa jirani. Uamuzi unakuwa umeshafanyika tangu siku mlipogawana funguo, wakati kila mtu alikuwa ametulia na hakuna aliyekuwa na shida.

Kwa fedha za simu ni hivyohivyo: namba ya siri isikae kwa mtu mmoja, na ujumbe wa salio usomwe kwa sauti kila mkutano, hata kama haukubadilika.

Kampuni za tumbaku zinatupangia bei na wateuzi, wanaopanga ubora wa majani, wanatushushia madaraja. Nikiweka majani mabovu katikati ya robota si najifidia tu?

Uchungu wako naujua. Umelima tangu kitalu, umekata kuni, umekesha kwenye bani, kisha mteuzi anatazama robota lako kwa sekunde chache na kutaja daraja linalokuacha na deni la mbolea. Sitakwambia kwamba hakuna uonevu kwenye soko la tumbaku. Upo.

Lakini fuata lile robota mpaka mwisho. Likifumuliwa na kukutwa majani mabovu, au nyuzi za plastiki, au maji yaliyonyunyizwa kuongeza uzito, jina linalochafuka ni la chama kizima. Msimu ujao wateuzi wanakuja na shaka tayari, na mjane aliyepanga majani yake kwa uangalifu anashushiwa daraja kwa ajili yako. Yeye hakujua, wala hakuwa na nafasi ya kukataa.

Kutorosha tumbaku ni kubaya zaidi. Pembejeo mlizichukua kwa mkopo kupitia chama, kwa dhamana ya pamoja. Ukiuza kwa njia ya panya usiku ili usikatwe, deni lako halipotei. Linagawanywa kwa wenzako waliopeleka sokoni. Nimeona mzee akilia kwenye mkutano kwa sababu makato yalimaliza malipo yake yote, na aliyemsababishia alikuwa amekaa viti viwili pembeni.

Usiporidhika na daraja, sema palepale kabla robota halijanunuliwa, mbele ya viongozi wa chama, na wengine waseme nawe. Bei zinapojadiliwa, wabaneni wawakilishi wenu. Ni njia ndefu, lakini haimwibii mwenzako.

Vipi lumbesa, na asali iliyochanganywa sukari? Kila mtu anafanya.

Lumbesa ni wizi wa kipimo, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita miaka yote. Mnunuzi anayemlazimisha mkulima kujaza gunia mpaka liote kilemba juu anajua fika kwamba analipia gunia moja na kubeba zaidi. Mkulima mwenye njaa ya Aprili hana ubavu wa kukataa.

Kuhusu asali, naomba warinaji na wauzaji wanielewe. Asali ya misitu ya miombo ya Sikonge na maeneo mengine ya Tabora imejijengea jina kwa vizazi. Anayeichakachua kwa sukari anapata faida ya ndoo tatu au nne, na mteja wa Dar es Salaam aliyeonja ladha ya uongo hanunui tena asali yoyote yenye neno Tabora kwenye chupa.

Watu wanasema tajiri fulani ana ndagu, yaani uchawi wa kupata mali. Mganga ameniambia nami naweza kupata. Nifanyeje?

Ondoka kwa mganga huyo leo, wala usirudi.

Naandika hili bila kupunguza neno. Imani ya kwamba mali hupatikana kwa kafara ya mtu ndiyo iliyosababisha watu wenye ualbino kuwindwa, kukatwa viungo na kuuawa katika Kanda ya Ziwa na mikoa yetu ya magharibi, hasa tangu mwaka 2007 hivi. Watoto waliachishwa makwao na kupelekwa kuishi penye ulinzi, kama pale Kabanga, Kasulu, mkoani Kigoma, wakakua mbali na mama zao kwa sababu mtu fulani alitaka kutajirika haraka. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu hiyo. Hakuna kiungo cha mwanadamu kilicholeta dhahabu juu ya ardhi au samaki kwenye wavu. Kilicholetwa ni makaburi, tena mengine yalilindwa usiku ili yasifukuliwe.

Anayekuahidi utajiri kwa uhai wa mtu anakuandaa uwe muuaji. Ripoti polisi. Na yule tajiri jirani yako, kabla hujamsingizia ndagu, ulizia kwanza alianza biashara lini na analala saa ngapi.

Kuna kikundi kinasema weka laki moja, baada ya miezi miwili utapata tatu. Kiongozi ni mtu wa dini.

Tumeshapita huko. DECI, mpango wa upatu wa namna hiyohiyo, ilienea nchini kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, na wachungaji walikuwa miongoni mwa waongozaji wake. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, watu wengi walikuwa wameshapanda na hawakuvuna. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Mpango wa namna hii hauna shamba wala duka, kuna watu tu wanaoingia, na wakiacha kuingia unakufa.

Naongeza jambo linalosahaulika. Hata ukiwa miongoni mwa wachache waliowahi kuvuna, ile laki mbili ya juu imetoka kwa mtu wa mwisho kuingia. Mara nyingi ni mtu uliyemleta wewe.

Sadaka inasafisha fedha ya namna hii?

Haisafishi. Surat Al-Mutaffifin inaanza kwa ole kwa wanaopunja vipimo. Katika Injili ya Luka, Zakayo mtoza ushuru anaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Fedha inarudi kwa mwenyewe kwanza, sadaka baadaye.

Wazee wanasema zamani watu walikuwa waadilifu. Ni kweli?

Nawaheshimu wazee, ila historia ya mji wetu haikubaliani nao kikamilifu. Katika karne ya 19 Tabora na Ujiji zilikua kwa biashara ya pembe za ndovu na ya watu. Binadamu waliuzwa hapa, na waliouza walikuwa na familia, majina na heshima zao. Fedha iliwafanya wasione.

Kilichokuwapo baadaye, na ambacho nakikumbuka kwa hamu, ni miiko iliyoandikwa. TANU ilikuwa na ahadi isemayo "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Azimio la Arusha la mwaka 1967 likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni, au kupangisha nyumba. Mwaka 1991, kule Zanzibar, CCM, chama kilichoirithi TANU, kililegeza masharti hayo. Unaweza kubishana kama yalikuwa makali mno, na mimi mwenyewe sidhani kila moja linafaa kwa leo. Lakini waliyaandika kwa sababu waliijua tamaa na waliona haitoshi kumwambia kiongozi awe mwema. Miiko ilimwekea mpaka kabla hajafika kwenye kishawishi.

Mkubwa wangu ananitaka nisaini orodha ya pembejeo yenye wakulima hewa. Nikikataa nitapoteza kazi.

Inawezekana ukaipoteza. Sitakudanganya.

Lakini ukisaini, saini ni yako, si yake. Mkaguzi akija, mkubwa atasema alimwamini karani. Kwanza mwombe kwa heshima akupe maelekezo hayo kwa maandishi. Wengi wao huishia hapo. Pili, andika kwenye daftari lako binafsi tarehe, maneno aliyosema na waliokuwapo, uliweke nyumbani. Tatu, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba 113 isiyolipiwa, na ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi ya mwaka 2015. Usitangaze kilabuni kwamba umeripoti. Mwambie mwenzi wako na mtu mmoja unayemwamini, basi.

Kama bado hujafika hapo, weka akiba hata ya miezi miwili ya chakula. Mtu mwenye magunia matatu ya mahindi ndani anakataa kwa sauti tofauti na asiye na kitu.

Niliambiwa nitapata mkopo au ajira nikikubali kulala na mhusika. Je, nami nina hatia?

Huna, dada yangu. Rushwa ya ngono imetajwa kuwa kosa katika sheria ileile ya 2007, na mkosaji ni yule anayetumia mamlaka yake kukudai mwili. Hifadhi ujumbe wake wa simu, usiufute kwa hasira. Piga 113, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi ukisindikizwa na mtu.

Nimeshachukua. Hakuna anayejua bado. Nitoke vipi?

Acha kwanza kuchukua ili kufunika ulichochukua. Hapo ndipo laki mbili inapogeuka milioni sita.

Halafu piga hesabu kamili, kwa karatasi, bila kujihurumia. Nenda kwa mwenyekiti au mlezi wa kikundi kabla ya mkutano, ukiwa na kiasi fulani mkononi na mpango wa kulipa kilichobaki, na mwachie ofisi hata kabla hajaiomba. Huenda wakakusamehe, huenda wakakupeleka mbele ya sheria. Niliowaona wakijitokeza wenyewe waliumia, lakini wengi wanaishi kijijini kwao na wanasalimiwa. Waliosubiri kugunduliwa wengi walihama.

Mimi ni mwanachama wa kawaida wa chama cha ushirika. Nina haki ya kuona hesabu?

Unayo. Vyama vya ushirika vinaongozwa na Sheria ya mwaka 2013, hesabu zake hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na taarifa ya ukaguzi husomwa kwenye mkutano mkuu. Uliza mambo matatu: ukomo wa madeni uliopitishwa ni kiasi gani na chama kimekopa kiasi gani, orodha ya waliochukua pembejeo ina majina mangapi, na fedha za ushuru wa chama zimetumika wapi. Orodha ikibandikwa ukutani, simameni nayo majirani mkaisome jina kwa jina, maana wa kitongoji mnajuana na mkulima hewa hawezi kujificha kwenu.

Ukiambiwa kitabu kiko kwa mwenyekiti na mwenyekiti amesafiri, andika barua fupi, ibaki nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na baada ya siku ulizotaja kwenye barua ipeleke nakala hiyo kwa ofisa ushirika wa wilaya. Nendeni wawili au watatu.